KERNELI: TUIBADILISHE AMA TUIACHE?

Mpenzi msomaji, ukiona kichwa cha makala haya usiharakishe kufungua ukurasa wa mashairi. Najua wengi wetu katika Chama cha Kiswahili tunapenda ngeli, methali na hadithi fupi kuliko mambo ya kompyuta. Hata mimi ni hivyo. Lakini muhula wa pili yalitukuta mambo katika maabara ya kompyuta, mambo ambayo nusura yawakoseshe ndugu zetu wa kidato cha nne kazi yao ya KCSE. Nilipomsimulia mlezi wa chama aliniambia, "Andika. Tena andika kwa Kiswahili, tuone kama lugha itatosha." Basi naandika. Nimesema kompyuta wala sikusema tarakilishi ama ngamizi, kwa sababu ndivyo sote tunavyosema, hata mwalimu wa Kiswahili mwenyewe akiwa nje ya darasa.

Tuanze na hilo neno geni. Ukiwasha kompyuta unaona picha, vitufe na maandishi. Unafungua programu ya kuandikia barua, unafungua nyingine ya kuchorea, unafungua na muziki kwa siri. Programu hizi zote hazigusi mashine yenyewe hata kidogo. Chini yake kuna programu moja kubwa ambayo ndiyo inayoshika diski, kumbukumbu, prosesa, kibodi na waya za mtandao. Hiyo ndiyo kerneli, yaani kiini. (Nimeitia katika ngeli ya I-ZI. Anayetaka ubishi kuhusu hilo anitafute wakati wa chai.)

Hebu fikiria shule yetu. Mwanafunzi akitaka mpira wa kuchezea, hauchukui tu. Akitaka kutoka langoni saa nne asubuhi, hatoki tu. Akitaka ufunguo wa maabara ya Kemia, ndiyo kabisa. Yote hupitia kwa naibu wa mwalimu mkuu. Yeye ndiye mwenye funguo, yeye ndiye mtunzi wa ratiba, yeye ndiye anayejua ni darasa gani lina nafasi na ni nani amekatazwa kuingia stoo. Kerneli ndiyo naibu wa kompyuta. Programu ikitaka nafasi katika kumbukumbu, inaomba kwake. Ikitaka kusoma faili, inaomba kwake, naye anatazama kwanza kama mwenye kuomba ana ruhusa. Na prosesa inagawiwa kwa vipindi, kila programu ikipewa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha inaambiwa, "Toka, mwingine aingie." Ndiyo maana unaona kama zote zinafanya kazi pamoja.

Sasa, kubadilisha kerneli ni kama kusikia kwamba naibu anahamishwa na kuna mwingine anakuja. Huyo mpya huenda amekwisha kuonyeshwa mwanya wa ua ambao watu hupenyeza chapati. Lakini huenda pia hajui kwamba ufunguo wa stoo yetu huzungushwa kinyume. Weka picha hiyo akilini, itatufaa mbele.

Kerneli ninayoizungumzia ni Linux. Ilianzishwa na kijana mmoja wa Ufini, Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwatangazia watu kwamba anatunga mfumo wake mdogo kwa kujifurahisha tu. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mwezi uliofuata akatoa toleo la 0.01, lenye mistari kama elfu kumi. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994, na leo mistari imepita milioni thelathini, imeandikwa na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, wengine hawajawahi kuonana. Mtu akikwambia hajawahi kutumia Linux, mwulize ana simu gani. Kama ni ya Android, basi anaitumia kila siku bila kujua. Na ile Ubuntu ambayo wengi huiweka kwenye kompyuta, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, jina lake ni neno la ndugu zetu wa Afrika Kusini. Kwa Kiswahili tungesema "utu". Mimi nilipojua hilo nilitabasamu peke yangu kwenye basi.

Turudi kwenye swali. Kerneli mpya hutoka mara kwa mara, kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Lazima mtu ajue kusoma namba zake, la sivyo atababaika. Tuchukue 6.1.66. Hiyo 6.1 ni mfululizo, nao ulianza Desemba 2022. Hiyo 66 ya mwisho ni rekebisho la sitini na sita katika mfululizo huohuo. Kutoka 6.1.65 kwenda 6.1.66 ni kuziba matundu, hakuna mambo mapya yanayoletwa. Lakini kutoka 6.1 kwenda 6.12 ni safari ndefu, maana sehemu nyingi zimeandikwa upya. Tena 6.12 ni mpya kuliko 6.2, ingawa ukisoma kama hesabu za desimali utadhani ni ndogo. Hapa watu wengi huteleza. Wakiulizana kama wasasishe kerneli, mmoja anafikiria rekebisho dogo na mwenzake anafikiria mfululizo mpya, halafu wanagombana bure.

Na sisi tuligombana hasa. Maabara yetu ina kompyuta ishirini za zamani na moja ambayo tunaiita seva, ingawa ni ya zamani vilevile. Seva hii imefungiwa katika kile chumba kidogo cha nyuma chenye vyuma dirishani, na humo ndimo zinamokaa faili zetu zote: mazoezi ya kidato cha tatu, kazi za mradi za kidato cha nne ambazo ndizo karatasi ya tatu ya KCSE, na alama za walimu wawili watatu wanaoamini kompyuta kuliko daftari. Inatumia Debian 12, ambayo ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli ya mfululizo wa 6.1. Mimi ni kiranja wa maabara. Kazi yangu ni kufagia, kuhesabu vipanya na kushika ufunguo, lakini mwalimu wetu alinifundisha amri mbili tatu. Ya kwanza ni uname -r, ambayo hukuambia kerneli inayofanya kazi sasa hivi. Muhula ulipoanza niliiandika namba hiyo kwa chaki nyuma ya mlango: 6.1.0-32. Debian huandika namba kwa mtindo wake, lakini maana ni ileile. Ni mfululizo wa 6.1, na ya mwisho hupanda kila wanapotengeneza mpya.

Basi siku moja mwenzangu, ambaye amesoma majarida mengi ya kompyuta, akasema seva yetu imezeeka na tuwekee mfululizo mpya kabisa. Mimi nikamjibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Naye si mwanachama wa Kiswahili bure, akanirudishia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Darasa likacheka. Tukamwangalia mwalimu atuamulie, naye akasema, "Nendeni mkasome, mrudi na sababu, sio methali." Kusema kweli niliona kama ametunyima haki, lakini nilikwenda nikasoma.

Nilichokikuta kilinitia wasiwasi pande zote mbili.

Upande wa ufa kwanza. Mwaka 2016 mwezi wa Oktoba lilitangazwa tundu moja lililopewa jina la Dirty COW. Kwa tundu hilo, mtumiaji wa kawaida tu, mwenye nywila yake ya kawaida, angeweza kuandika ndani ya faili alizoruhusiwa kuzisoma peke yake, na kwa njia hiyo akajifanya root, yaani mwenye mashine yote. Tundu lilikuwepo tangu 2007. Miaka tisa! Tena Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amejaribu kuliziba miaka kumi na moja kabla, na jaribio hilo likaondolewa kwa sababu lilileta taabu kwenye aina nyingine ya mashine. Nilipofika hapo nilijiuliza, ikiwa mwenye shamba mwenyewe anaweza kuuziba mwanya na ukazibuka, mimi ni nani?

Ya pili ni ya karibu zaidi, Machi 2022, nayo iliitwa Dirty Pipe. Aliyeigundua ni Max Kellermann, na ilianza kwa lalamiko dogo tu: mteja mmoja alisema faili zake za kumbukumbu zilizobanwa hazifunguki. Akatengeneza hizo faili, baada ya muda zikaharibika tena. Akafuatilia miezi mingi mpaka akagundua kwamba kosa halipo kwenye programu zake, lipo ndani ya kerneli. Yeyote angeweza kupachika maandishi yake katika faili asiyo na ruhusa ya kuiandika, hata ile ya orodha ya watumiaji. Lilizibwa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102.

Lakini ngoja. Dirty Pipe iliingia na mfululizo wa 5.8 mwaka 2020. Aliyekuwa amekaa kimya na kerneli ya zamani kuliko hiyo, tundu hili halikumhusu kabisa! Nilipomsomea mwenzangu sehemu hii alinyamaza, nami nikajiona bingwa. Naye akanirudisha chini upesi. Aliniambia huyo aliyekaa na kerneli ya zamani bila kuirekebisha alikuwa bado ana Dirty COW. Ni kweli. Upya una hatari yake na uzee una yake.

Upande wa mbachao nao una ushahidi. Desemba 2023 watu wa Debian walikuwa tayari kutoa toleo la 12.3. Ikagunduliwa kwamba kerneli 6.1.64 iliyokuwa ndani yake ina kosa katika ext4, ambao ndio utaratibu wa kupanga faili kwenye diski, na data ingeweza kuandikwa mahali pasipo pake. Wakasimamisha shughuli, wakarekebisha, wakaruka namba, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4. Yaani rekebisho lililokuja kuponya ndilo lililotaka kuua. Na kabla ya hapo, mwaka 2021, kulikuwa na toleo la majaribio la 5.12 ambalo liliweza kuharibu diski za watu waliotumia aina fulani ya faili ya ubadilishanaji. Torvalds alilibandika jina jipya lenye onyo kwamba lisitumiwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo nilivyosema, na mwalimu akaniambia nimerudi kwa methali tena.

Tofauti ya matukio hayo ni jambo la kuangaliwa. Hilo la 5.12 liliwapata wajaribu waliojitolea. Hilo la 6.1.64 lingeweza kumpata mtu yeyote aliyekaa kimya na mfululizo wa kuaminika, akichukua kila rekebisho siku linapotoka. Kwa hiyo hata rekebisho dogo linafaa kusubiri siku chache, labda wiki moja, wenye haraka watangulie. Isipokuwa tundu lenyewe liwe limeshatangazwa na watu wameanza kulitumia. Hapo kusubiri ndiko hatari.

Swali lililobadilisha mawazo yangu aliuliza mwalimu. "Seva yetu inatumiwa na nani?" Nikajibu, sisi. "Sisi wangapi?" Nikahesabu: kidato cha tatu na cha nne, kila mmoja na nywila yake, zaidi ya watu sabini. Akanyamaza, akaniacha nijifikirie. Hizi Dirty zote mbili zinamtaka mtu ambaye tayari ameruhusiwa kuingia kwenye mashine. Kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na baba peke yake, tundu kama hilo si la kumkosesha usingizi usiku huohuo, ingawa asilisahau. Lakini mashine ya vijana sabini, ambao kumi kati yao ni watundu na mmoja wao alipata alama mbaya ya Hisabati ambayo imo ndani ya mashine hiyohiyo! Kwetu sisi adui hahitaji kutoka Marekani. Amekaa mstari wa tatu. Nikakubali kwamba seva lazima irekebishwe. Tulipatana hivi: mfululizo mpya, hapana, rekebisho la 6.1, ndiyo, baada ya kidato cha nne kuwasilisha kazi zao.

Nilidhani tumeamua. Kumbe mashine ilikwisha kuamua zamani.

Jumanne moja kabla ya chakula cha mchana stima ilipotea. Hilo si jambo la kushangaza hapa kwetu, lakini betri ya akiba ya seva imezeeka, ikalia mara tatu na seva ikazimika. Stima iliporudi, seva ikawaka yenyewe. Kidato cha nne wakaingia saa nane kuendelea na kazi zao. Faili hakuna. Wakajaribu kompyuta nyingine. Hakuna. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za kuwasilisha. Mmoja wao, msichana ambaye mradi wake ni wa hesabu za zahanati na ameuandika tangu muhula wa kwanza, alikaa chini sakafuni akaanza kulia, wala hakuna aliyemcheka.

Mwalimu alikuwa mkutanoni. Mimi niko na ufunguo, kijasho chembamba kinanitoka, na watu wanazidi kujaa. Kijana mmoja wa kidato cha nne akasema kwa sauti kubwa, "Mashine imekufa, leta ile flashi tuweke Debian upya, ni dakika arubaini tu." Wengine wakaitikia. Mpenzi msomaji, fikiria hapo. Kuweka upya kwa pupa kungefuta diski, na kwenye diski ndimo ilimo miradi yote. Nikasimama mlangoni. Sikuwa na ujasiri wowote, niliogopa tu kupigwa na mwalimu kuliko kupigwa nao.

Nikaingia peke yangu, nikawasha skrini, nikaandika uname -r. Jibu: 6.1.0-37. Nikageuka nikatazama nyuma ya mlango. Chaki ilisema 32.

Wacha nieleze kilichotokea, maana hili ndilo somo lenyewe. Seva ilikuwa imewekewa programu inayochukua marekebisho ya usalama yenyewe usiku. Kerneli mpya ilikuwa imeshawekwa kwenye diski wiki kadhaa nyuma. Lakini kerneli haibadiliki ikiwa kazini. Ile ya zamani inaendelea mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Sisi tulikuwa tunabishana kama tubadilishe, na mpya imekaa pale inangoja tu stima ipotee. Kwa hiyo kutoamua nako kulikuwa uamuzi, ila ulifanywa na nyaya za barabarani.

Na faili zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Chumba cha seva hakifikiwi na waya wa mtandao, kwa hivyo fundi mmoja aliyekuja zamani aliiwekea kile kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka pembeni. Kidude hicho hakikuwa na dereva ndani ya kerneli. Dereva hapa si wa matatu. Ni programu ndogo inayoifundisha kerneli namna ya kuongea na kifaa fulani. Fundi aliitengeneza kwa mkono, akaiweka, akalipwa, akaenda. Tatizo ni kwamba dereva wa namna hii hutengenezwa kwa kerneli moja maalum na hukaa katika folda yenye namba ya kerneli hiyo. Kerneli ya 37 ilitazama katika folda ya 37, haikuona kitu. Hapo ndipo naibu mpya alipokutana na ufunguo unaozungushwa kinyume.

Nilizima mashine vizuri, nikaiwasha, na ile orodha ya GRUB ilipotokea mwanzoni nikaingia mstari wa pili, ule wa chaguo zaidi. Debian haitupi kerneli ya zamani mara moja. Huiacha kwenye diski. Nikaiona 6.1.0-32 imekaa kama mzee kwenye kibaraza. Nikaichagua. Dakika mbili baadaye mtu alipiga kelele kutoka maabarani kwamba faili zimerudi. Sitasema nilijisikiaje.

Mwalimu aliporudi hakunisifu sana. Aliuliza, "Na stima ikipotea tena kesho?" Kweli, sikuwa nimefikiria hilo. Akaiagiza GRUB ianze na 32 kila mara mpaka aseme vinginevyo, na akaonyesha amri ya kuzuia kerneli isibadilishwe, apt-mark hold, akiandika tarehe ya kuiondoa ubaoni kwa herufi kubwa. Alisema mashine nyingi huvamiwa kwa sababu mtu alizuia "kwa wiki moja" kisha akasahau miaka mitatu. Jioni hiyohiyo tukanakili miradi yote kwenye flashi tatu, moja ikakaa ofisini, moja kwake, moja kabatini. Na kwa sababu tumerudi kwenye kerneli yenye matundu, akafunga akaunti zetu za kidato cha tatu kwa hizo siku kumi na moja. Wenzangu walinuna. Mimi niliona ni haki, kama mwanya haujazibwa basi punguza wanaopita karibu nao.

Kazi zilipowasilishwa, Jumamosi iliyofuata tulikuja shuleni watu wanne. Safari hii dereva ya Wi-Fi tuliiweka kupitia DKMS, ambayo kazi yake ni kuitengeneza upya dereva kila kerneli mpya inapoingia, bila kumngoja fundi. Ikakataa. Ilitaka vichwa vya kerneli, yaani kifurushi kinachoitwa linux-headers, ambacho hakikuwemo, na kukipata kunahitaji intaneti, na intaneti inahitaji Wi-Fi, na Wi-Fi ndiyo tunayoitengeneza! Tukacheka mpaka machozi. Mwalimu alitoa simu yake, akaichomeka kwa waya kwenye seva, tukatumia bando lake. Kifurushi hicho si kikubwa. Dereva ikatengenezeka, tukazima, tukawasha, uname -r ikasema 37, na faili zikaonekana kwenye kompyuta zote. Tukazima kwa makusudi mara ya pili ili tuwe na hakika. Kisha ule mzuio tukauondoa.

Kuna jambo moja nimkubalie mwenzangu hadharani. Mwalimu ana kompyuta ndogo ya mkononi aliyoinunua karibuni, na chini ya 6.1 haikuitambua Wi-Fi yake wala kibao cha kusogezea kishale. Hiyo tuliiwekea mfululizo wa 6.12 na vyote viwili vikaamka siku hiyohiyo. Mashine mpya huhitaji kerneli inayoijua, maana haikuwepo duniani ile ya zamani ilipoandikwa. Kinyume chake pia hutokea. Torvalds alianza Linux kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386, na toleo la 3.8 lililotoka Februari 2013 likaacha kabisa kuitumikia 386. Zile zetu ishirini si nzee kiasi hicho, lakini hazikuwa na lolote la kupata katika 6.12. Vifaa vyake vyote vinatambulika tayari. Basi mwenzangu alikuwa sahihi, ila kwa mashine nyingine.

Siku hizi kabla ya rekebisho lolote tunaulizana pale mlangoni: limeziba nini, na hilo linatugusa? Kuna dereva iliyoletwa kutoka nje? Ile ya zamani ipo bado kwenye GRUB, na nafasi kwenye /boot inatosha? Nakala ziko wapi? Tunajaribu kwanza kwenye kompyuta moja, ile ya pembeni yenye kibodi isiyo na herufi J, kisha baada ya siku nne tano seva, na siku zote ni Ijumaa baada ya masomo, sio katikati ya wiki ya mtihani. Namba ya 32 nyuma ya mlango imefutwa, nimeandika 37 na tarehe yake. Yule msichana wa mradi wa zahanati aliongeza chini yake kwa chaki nyekundu neno "asante", na sijalifuta ingawa ni kazi yangu kufuta. Betri ya akiba bado haijanunuliwa.